Kaya, Vigango na Amani ya Msituni: Maswali Mnayotuuliza Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyaokota mlangoni mwa maonyesho yetu, kwenye kitabu cha wageni, na kwa walimu wanaoleta wanafunzi. Tumeweka yale yanayorudi kila mara, tukaanza na mepesi. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, lifuate, maana hatukutaka kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

Maonyesho haya yanahusu nini hasa?

Yanahusu misitu ya kaya ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, na mafundisho ya amani yaliyotunzwa ndani yake. Ukumbini utakuta picha, michoro ya makaa, vitambaa vya kaniki, na sauti za msitu zilizorekodiwa alfajiri. Katikati kuna duara la mchanga ambalo halina kitu juu yake. Duara hilo ndilo linaloulizwa kuliko vyote, na jibu lake liko kwenye sehemu ya vigango, yaani nguzo za kuwakumbuka marehemu.

Tafadhali usiingie ukidhani unakuja kutazama mambo yaliyokwisha. Kaya zina wazee hivi leo, zina miiko inayofuatwa hivi leo, na kuna watu wanaozikodolea macho ardhi zake hivi leo.

Je, "kaya" hii ndiyo ile ya sensa?

Neno ni lile lile. Karani wa sensa akibisha hodi, awe Tanga au Kilifi, huuliza mkuu wa kaya ni nani, yaani mkuu wa watu wanaolala na kula pamoja. Kwa Wamijikenda pia kaya ni nyumbani, ila ni nyumbani kwa wote: kijiji kilichojengwa ndani ya msitu mnene, kimezungushiwa boma la miti, na kuingia ni kwa malango machache yanayojulikana.

Simulizi za wazee zinasema mababu walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia vita. Walipofika huku walijificha msituni na kuzika humo fingo, kinga ya jamii nzima. Kaya za mwanzo zinakadiriwa kuwa za karne ya 16. Usalama ulipoongezeka watu walianza kutoka kwenda kulima na kujenga nje, na kufikia miaka ya 1940 hakukuwa na kijiji kilichobaki ndani. Makaburi yalibaki, na fingo pia. Msitu ulisimama kwa sababu ulikuwa bado una kitu cha kulinda.

Mijikenda ni kabila moja au tisa?

Ni jamii tisa zenye lugha zinazosikilizana: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe na Wajibana. Jina lenyewe lina maana ya miji tisa. Kila jamii ina kaya zake na wazee wake, kwa hiyo tunaposema "wazee wa kaya" tunasema kwa ujumla tu. Linalofanyika Kinondo kwa Wadigo si lazima lifanyike Kaya Fungo kwa Wagiriama. Panapokuwa na tofauti kubwa, maelezo ya ukutani yanataja jamii husika.

Ni kweli kaya ni urithi wa dunia?

Ni kweli. Mwaka 2008 UNESCO iliorodhesha kundi la misitu hii, iliyotawanyika kwenye ukanda wa pwani wenye urefu wa kilomita 200 hivi. Mwaka 2009 mila zenyewe, zile zinazofanya msitu uwe kaya, ziliingizwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Orodha hiyo ya pili haitajwi sana, nasi tunaiona ndiyo nzito zaidi. Inakiri kwamba miti inaweza kusimama huku maarifa yakizikwa na mzee wa mwisho.

Kabla ya hapo, mwaka 1992, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalikuwa yameanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na kaya zikaanza kutangazwa kisheria kuwa kumbukumbu za kitaifa.

## Amani, miti na watu

Msitu unamfundishaje mtu amani?

Anza na historia, kabla ya kufika kwenye imani. Waliojenga kaya walikuwa wakimbizi. Mti uliwaficha kabla haujawa mtakatifu, na ukimya wa msitu ulikuwa suala la uhai na kifo kabla haujawa adabu. Mtu aliyenusurika kwa sababu ya kichaka hawezi kukitazama kichaka kama kuni.

Halafu angalia namna watu wanavyoingia. Njia ipo tayari, nawe unaifuata, mmoja nyuma ya mwenzake. Huchongi njia yako. Sauti inashuka. Kwenye kaya ya Wagiriama kuna moro, mahali ambapo wazee wa kambi, yaani baraza la wazee, huketi kusikiliza mashauri. Ndugu wawili waliogombania shamba wakifikishwa hapo, wanakuwa wameshatembea mwendo mrefu kimyakimya, mmoja akiona mgongo wa mwenzake. Mchoro mkubwa wa makaa ulio upande wa kushoto wa mlango unaonyesha mwendo huo tu. Hauna mzee, hauna hukumu, una migongo na mizizi. Ukipata muda wa kusimama mbele ya kazi moja tu, simama hapo.

Fundisho lenyewe, kwa tunavyolielewa, limo kwenye miiko. Kumwaga damu ya mtu kayani ni uchafu. Kukata mti kayani nako ni uchafu. Makosa yote mawili yanaharibu mahali, na mahali panapoharibika panatakaswa, mara nyingi kwa kuku au mbuzi. Mkosaji anarudishwa na anapatengeneza mahali alipopaharibu. Ugomvi wa watu na uharibifu wa msitu vinatibiwa kwa dawa moja, kwa hiyo mtoto anayekulia humo anajifunza mambo hayo mawili kama somo moja.

Miiko yenyewe ni ipi?

Inatofautiana, lakini ile utakayoisikia karibu kila mahali ni hii: usikate mti, usilishe mifugo, usitoke na kitu chochote hata kama ni jani lililoanguka, usipite nje ya njia, usipige kelele wala kugombana, usiguse makaburi. Kuna sehemu ambazo hata mwenyeji haingii bila mzee, na nyingine ambazo ni mzee mwenyewe tu.

Kwa nini wageni wanavaa kaniki?

Kwenye Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Ni heshima kwa wenye mahali. Tajiri na maskini wakishafunga kitambaa kile kile cheusi, wote wanakuwa wageni. Kaniki zilizotundikwa ukumbini ziko pale ili uzipite ukiwa umeinama kidogo, basi. Huhitaji kuvaa ili kuingia kwenye maonyesho.

Wazee walikuwa wahifadhi wa mazingira bila kujua?

Swali hili linatuumiza kidogo, hasa hayo maneno mawili ya mwisho. Walijua. Walijua ni mti gani unashikilia maji, gani una dawa, gani huchukua maisha ya watu watatu kukomaa. Wataalamu wa mimea walipokuja kuhesabu, walikuta kwenye vipande hivi vidogo miti na mimea adimu ambayo nje ya kaya imekwisha kuwa mashamba, machimbo na viwanja. Kaya Kinondo ina takribani hekta 30 tu, na mbega bado wanaruka juu ya vichwa vya wageni.

Kilichokosekana ni maneno ya ofisini. Mzee anaposema "hapa pana wenyewe", amesema jambo ambalo kwenye karatasi lingejaza kurasa kumi.

Mafundisho haya ni ya Mijikenda peke yao?

Hapana. Wangari Maathai, akipokea Tuzo ya Nobeli ya Amani huko Oslo mwaka 2004, alikumbusha kwamba wazee wa Kikuyu walibeba fimbo ya mti wa thigi. Fimbo ikiwekwa kati ya pande mbili zinazopigana, pande hizo zilitakiwa kuacha na kutafuta suluhu. Alieleza pia jinsi miti ya amani ilivyotumika kupatanisha jamii zilizogombana nchini Kenya. Sisi tumejifunga kwenye kaya kwa sababu tunazijua. Msomaji wa Kigoma, Bukavu au Gulu huenda ana mti wa kwao wa kuusimulia, na kitabu cha wageni kina kurasa tupu kwa kazi hiyo.

Kama kaya ni za amani, mbona Kaya Bombo mwaka 1997?

Tunashukuru wanaouliza, kwa sababu watu wa Likoni hawajasahau. Agosti 1997 makundi ya vijana yalivamia kituo cha polisi na kivuko cha Likoni, kisha yakaanza kuwafukuza na kuwaua watu waliotoka bara. Zaidi ya watu 100 walikufa, na maelfu wakayahama makazi yao. Baadhi ya wavamizi walikuwa wameapishwa na kufanyishwa mazoezi kwenye msitu wa Kaya Bombo, huko Kwale.

Hatulifichi jambo hilo, na kuna picha moja nyeusi tupu ukumbini inayolihusu. Kiapo ni chombo chenye nguvu, na chombo chenye nguvu huibwa. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, na waliofaidika na vurugu hizo walikuwa na hesabu za siasa ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na fingo. Hata hivyo, kusema "ni wanasiasa tu" hakutoshi. Vijana waliapa kwa sababu walikuwa na machungu ya kweli ya ardhi na kazi. Kumwaga damu kwa jina la kaya ni kuvunja mwiko wake wa kwanza, na hilo tunalisema bila kumung'unya.

Na Mekatilili? Naye si alipigana?

Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama mwaka 1913 wakatae kodi na kazi za kulazimishwa za Waingereza. Alizunguka akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakala viapo katika Kaya Fungo. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali hadi Kisii, wakatoroka na kurudi. Agosti 1914 serikali ya kikoloni iliilipua kaya hiyo kwa baruti.

Tofauti na jibu lililotangulia ni hii: viapo vile viliwafunga watu wakae pamoja na wasishirikiane na mtawala. Ukitaka kujua kaya ilikuwa na uzito gani, angalia jinsi dola ilivyoona haja ya kuipiga miti kwa baruti.

Mbona kule Kilifi wazee wanauawa kwa tuhuma za uchawi?

Ni kweli, wanauawa, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Kijana anataka kuuza, mzee anakataa, mvi zake zinageuzwa ushahidi. Kaya Godoma, eneo la Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa kuuawa. Ukilisoma hilo pamoja na jibu la kwanza la sehemu hii utaona kwamba kaya imerudia kazi yake ya kwanza, kuwaficha watu. Ila safari hii wanafichwa wasidhuriwe na watoto wao wenyewe, na hatuwezi kulisema hilo kwa fahari.

## Vigango na mahali patupu

Kigango ni nini?

Ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa kichwa cha mviringo na kiwiliwili chenye pembetatu nyingi, inayosimikwa kumkumbuka mwanachama wa Gohu, chama cha Wagiriama wenye heshima na uwezo. Hufungwa vitambaa na kupewa tembo la mnazi na chakula. Mtu wa kawaida husimikiwa koma, ambayo ni ndogo na haina mapambo mengi.

Kigango si sanamu ya kuabudiwa. Kifananishe na kiti cha baba ambacho hakikaliwi na mtu mwingine hata baada ya yeye kuondoka. Familia hukifikia ikiwa na taabu: maradhi, ukame, ndugu wasiosemezana.

Sasa mbona hamna hata kimoja hapa? Duara la mchanga ni la nini?

Duara ni mahali ambapo kigango kingesimama kama tungekubali kukileta. Tulikataa. Kigango husimikwa mara moja, na kikishasimikwa hakihamishwi. Hata familia ikihama kijiji, chenyewe hubaki, mpaka mvua na mchwa vikimalize. Kukileta ukumbini, hata kwa nia njema, hata kwa wiki mbili, ni kumng'oa mtu.

Wageni wengine wanasikitika, na mmoja aliandika kwamba amedanganywa. Tunaelewa. Lakini hatuwezi kufundisha amani kwa kitu kilichotolewa kwa mwenyewe bila amani.

Vilifikaje Marekani?

Kwa wizi, hasa kuanzia miaka ya 1970 na 1980, watalii na wakusanyaji wa sanaa walipoanza kuvipenda. Vilikuwa vimesimama uwanjani bila mlinzi, na kijana mwenye njaa alilipwa kidogo akiking'oa usiku. Dalali akakiuza Mombasa, na kilipofika ng'ambo bei ikawa imepanda mara nyingi. Mamia yaliishia kwenye makumbusho na nyumba za watu.

Kisa kimoja kinaonyesha njia nzima. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa na vigango viwili vya nduguze. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, aliona picha ya kigango kimoja ikionyeshwa na mtafiti mwenzake, akakitambua. Kimoja kilikuwa Illinois, kwenye makumbusho ya jimbo. Cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ya kijijini ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Vimerudi vingapi?

Hivyo viwili vilirudi, kimoja mwaka 2006 na kingine 2007. Makumbusho ya Denver ya mambo ya asili na sayansi yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Vingi bado viko nje.

Kurudi nako kuna maumivu yake. Kigango kilichorudi kijijini kilizungushiwa vyuma ili kisiibwe tena. Na vile ambavyo hakuna aliyeandika vilitoka boma gani havina pa kusimikwa. Vinarudi nchini, havijarudi nyumbani.

Si bora vikae makumbusho, visioze?

Inategemea unadhani kazi yake ni nini. Ikiwa kazi yake ni kutazamwa, basi kabati la kioo linatosha. Ikiwa kazi yake ni kusimama na familia mpaka kizazi kinachomkumbuka marehemu kiishe, basi kuoza ni sehemu ya kazi, na anayezuia kuoza amekatiza mazungumzo. Tunaheshimu wahifadhi wa makumbusho na ujuzi wao. Katika hili tunasimama na mchwa.

## Dini

Mimi ni Mwislamu au Mkristo. Kuja hapa si shirki, si ibada ya mizimu?

Hakuna ibada ukumbini, hakuna kafara, hutaombwa kusema wala kunywa chochote. Wadigo wengi ni Waislamu, na wapo wazee wa kaya wanaoswali swala tano. Wengine ni Wakristo. Kila mmoja amejijengea mpaka wake kati ya dini yake na heshima ya wazazi, na wanazuoni hawakubaliani kuhusu mpaka huo uko wapi. Sisi hatutoi fatwa. Dhamiri yako ikikataza sehemu fulani, iruke. Watoto wa shule pia tunawaruhusu wasubiri nje bila kuulizwa.

## Ukija

Kiingilio, watoto, picha?

Kiingilio ni bure. Watoto wanakaribishwa wakiwa na mtu mzima. Piga picha za kazi upendavyo, bila mwangaza wa kamera, isipokuwa zile zenye alama nyekundu: hizo zinaonyesha watu walioruhusu waonekane ukumbini tu.

Naweza kwenda kayani kwenyewe?

Zipo zilizo wazi kwa wageni, na Kaya Kinondo ndiyo yenye utaratibu uliozoeleka, ikiendeshwa na wanajamii wenyewe. Nyingine usiende bila kuongea kwanza na wazee wake. Ukishafika fuata miiko iliyotajwa juu, lipa kinachotakiwa, na ukiambiwa "mwisho hapa", ni mwisho hapo.

## Maswali magumu

Mimi si Mmijikenda. Naweza kuchora kaya?

Unaweza kuchora ulichoruhusiwa kuona. Uliza kabla, onyesha mchoro kwa wenyeji kabla ya kuutoa nje, na usichore makaburi. Tulikwisha kukataa kazi mbili nzuri sana za wasanii waliokiuka hilo la mwisho, na tungezikataa tena.

Je, kutumia pembetatu za vigango kwenye fulana au vitenge?

Pembetatu haina mwenyewe. Umbo zima la kigango, lenye kichwa na vitambaa, lina mwenyewe, na kulivaa fulanani ni kama kuvaa jiwe la kaburi la baba wa mtu. Hatuna sheria ya kukuzuia. Tunakuomba.

Nyumbani kwetu Ulaya kuna kigango kilichonunuliwa na wazazi. Nifanye nini?

Kwanza, usikiuze na usimpe rafiki, hata kama ni rafiki mwema. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo ya kuwasiliana nayo. Huhitaji kujieleza sana, na wanaorudisha hawapokelewi kama wezi.

Kabla ya kuandika, kusanya unachokijua: kilinunuliwa wapi, kwa nani, mwaka gani, kama kuna risiti au barua. Piga picha mbele, nyuma, na hasa sehemu ya chini iliyokuwa imezikwa. Kama ulivyoona kwenye kisa cha mwaka 1985, picha moja inaweza kuirudishia familia mtu wao.

Usikioshe, usikipake mafuta wala vanishi. Na kama vitambaa bado vimefungwa shingoni, viache vilivyo. Aliyevifunga alikuwa akizungumza na ndugu yake.